Mama Shalom wa Ngazi ya Bluu

Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025. Mvua ilianza kabla ya kupambazuka, ikapiga mabati ya Kasungami, pembeni mwa Lubumbashi, mpaka katikati ya asubuhi, kisha yakabaki manyunyu. Upepo ulikuwa mdogo, wa kutoka kusini. Barabara ya kuelekea mjini iligeuka tope jekundu, na wauza makaa walisukuma baiskeli zao peku, viatu vikining'inia kwenye usukani.

Albertine Nkandu alikuwa na miaka arobaini na tisa. Mtaa mzima ulimwita Mama Plamedi, kwa jina la mtoto wake wa kwanza aliyeolewa Likasi, na hata mumewe Édouard hakumwita vingine. Kazi yake ilikuwa ngumu kuelezea majirani. Hakuuza kitu, hakushona, hakufundisha. Aliketi mbele ya ordinateur, kompyuta iliyolishwa na paneli ya jua juu ya paa, na kazi yake ilikuwa kuyafanya maduka ya watu yaonekane juu kabisa pale mtu anapotafuta kitu kwenye Google.

Hakuisomea. Alimaliza sekondari mwaka 1995, akapata diploma yake ya serikali, na tangu hapo akapiga mashine kwa miaka kumi na tisa katika chumba kimoja cha kuandika barua na kutoa fotokopi, katikati ya mji, karibu na mabenki. Mkuu wa chumba kile, marehemu Tata Mulenga, alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila asubuhi: karatasi ya kwanza haitupwi mpaka nakala yake iwe imewekwa mahali pake. Watu walipoanza kuwa na mashine zao wenyewe, chumba kilifungwa. Albertine akabaki na ordinateur kuukuu na tabia ya kuandika kila kitu kwenye kaye, yaani daftari. Alijifunza kazi mpya polepole, kwa kujaribu na kukosea, na kila jaribio aliliandika: tarehe, neno lililobadilishwa, nafasi ya duka kabla, nafasi ya duka baada. Mwaka huo alikuwa amefika kaye ya kumi na tatu, na alikuwa na maduka kumi na moja na blogu tatu za kutunza.

Siri ya kazi yake, kama ni siri, ilikuwa kusikiliza. Alisimama sokoni akajifanya anachagua nyanya, huku sikio liko kwa wanunuzi wa pembeni. Maneno waliyoulizia vitu ndiyo maneno aliyoyapeleka kwenye kurasa.

Dédé, muuza samaki wakavu, alikuwa mfano wake wa kudumu. Ukurasa wa Dédé ulikuwa na kichwa cha Kifaransa kizito: "Produits halieutiques séchés du lac Moero," yaani mazao makavu ya uvuvi ya ziwa Moero. Hakuna aliyeufungua.

"Mama Plamedi, hii ni français ya bakubwa," Dédé alijitetea siku ile ya kwanza. "Bantu bataona niko muntu wa sérieux."

"Dédé, miaka kumi uko unauzisha samaki. Nani alishakuyaka hapa, akakuambia nipe produits halieutiques?"

Dédé akakuna shingo. "Hapana muntu."

"Banakuuliza namna gani?"

"Banasema: uko na fretin ya Kilwa ya kweli, ao iko ile ya kudanganya?"

Albertine aliandika maneno hayo yalivyo, mpaka na kudanganya. Baada ya miezi minne mtu yeyote wa Lubumbashi aliyetafuta vile visamaki vidogo vya Kilwa, bandari ya ziwa Moero, alimkuta Dédé kwanza, na Dédé akaanza kutembea sokoni kama waziri.

Lakini duka alilojivunia Albertine kuliko yote lilikuwa la vitenge, la Bénédicte.

Bénédicte alikuwa Munande, mfanyabiashara kutoka Kivu Kaskazini. Alihamia Lubumbashi mwaka 2022 na mabalo yake, marobota ya vitenge, akakodi chumba kwenye galeri moja ya maduka katikati ya mji. Huko Goma, katika mtaa wa Birere, alikuwa ameuza miaka mingi, na ukurasa aliokuja nao uliitwa "Kwa Mama Shalom," kwa jina la binti yake mkubwa. Juu ya ukurasa kulikuwa na picha yake kubwa, amesimama mikono kiunoni, anacheka.

Albertine aliuchunguza wiki nzima, kisha akasema ukweli wake. Akina Mama Shalom walikuwa wengi kuliko majani: kulikuwa na mikahawa, kwaya, wasusi, wauza maharage, kutoka Kinshasa mpaka Bujumbura. Jina hilo lisingemfikisha popote. Picha nayo ilikuwa nzito, ukurasa ulichelewa kufunguka kwenye simu ndogo, na mtu anayengoja huondoka. Akaliita duka "Univers du Pagne Lubumbashi," yaani Ulimwengu wa Vitenge, akatoa picha, akabakiza vitambaa tu. Mwaka haukuisha, duka lilikuwa la kwanza. Siku hiyo Albertine aliandika namba 1 kwenye kaye, akachukua rula na kalamu nyekundu, akaipigia mstari chini. Hakuwa na desturi ya kupiga mistari myekundu.

Alhamisi hiyo ya mvua, Bénédicte alifika Kasungami kwa miguu kutoka mahali teksi ilipokwama. Alikuwa ameshika viatu mkononi. Albertine alimletea beseni la maji, akamkalisha, akamwachia nafasi ya kupumua.

Kila mtu alijua habari za Goma. Mji ulikuwa umeanguka mikononi mwa waasi mwishoni mwa Januari, na Wanande wa Lubumbashi walikuwa wakishinda kanisani na kwenye simu, wakiulizana nani ameonekana wapi. Bénédicte alikuwa amemwacha Birere dada yake mkubwa, Joséphine, ambaye alimwita Yaya, na aliyebaki akiuza pale pale alipouza yeye.

"Yaya aliniandikia tarehe makumi mbili na tano," Bénédicte alisema. "'Tuko tunatoka, nitakupigia.' Kisha kimya. Jana jirani mumoja aliita, iko Bukavu. Anasema alimuona yaya ku port, anaingia mu bateau, mikono butupu. Sac yake ya mukononi ilipotea mu bantu. Na simu ilikuwa mu sac."

"Alivuka ziwa, basi."

"Alivuka. Mais miye nilibadirisha namba mwezi wa kumi na mbili, unakumbuka ile simu yangu ilianguka mu maji? Namba ya mupya haiko mu kichwa yake. Iko mu simu yenye ilipotea." Akapangusa miguu kwa pindo la kitenge, polepole, kama mtu aliyesahau kwamba ameshaipangusa. "Mama Plamedi, nimewaza usiku na muchana. Yaya akipata simu ya muntu, hata ya dakika tano, atanitafuta mu Google. Ni yeye alikuwa anaonyesha bantu ile page yangu ya kwanza, Birere yote. Fanya anione. Sina kintu ingine ya kukuomba."

"Ataandika nini?"

"Aandike nini ingine? Mama Shalom. Ile jina ya Univers hajue."

Albertine alifungua ordinateur, akangoja mtandao uamke, akaandika: Mama Shalom Lubumbashi. Ukaja mkahawa. Ikaja kwaya. Akaja mama mmoja wa Kinshasa anayepamba maharusi. Albertine alishuka chini, akafungua orodha ya pili, ya tatu, ya nne. Bénédicte alikuwa ameinama begani kwake, maji ya mvua yakimdondoka kutoka kwenye nywele.

"Miye niko wapi?"

"Hauko."

"Namna gani siko? Niko wa kwanza, weye mwenyewe ulinionyesha."

"Univers du Pagne iko ya kwanza. Mama Shalom haiko." Albertine aliondoa mkono kwenye ordinateur. "Nilikufuta, mama."

"Ulisema jina itabakia chini, ku mwisho wa page."

"Nilisema vile. Iliishi miezi mbili, kisha nikaitosha, nikaifuta. Niliona inachanganya."

Bénédicte alirudi kwenye kiti. Hakupandisha sauti, na hilo lilimwumiza Albertine kuliko kelele. Alikaa akitazama mlango wazi, mahali ambapo kuku wa Édouard walikuwa wamejibanza chini ya ukingo wa bati.

"Basi unirudishe," akasema mwishowe.

Albertine alijua gharama, na ilimbidi aitaje. Ulikuwa mwezi wa Februari, wanawake wa mji mzima wanatafuta vitenge vya sikukuu yao ya tarehe nane Machi. Ukibadilisha kichwa cha ukurasa katikati ya msimu, Google huanza kukupima upya, na wa kwanza anaweza kujikuta wa tano. Aliyasema hayo yote kwa utaratibu, na alipokuwa akisema aligundua kwamba macho yake yalikuwa kwenye rafu, kwenye ile kaye yenye mstari mwekundu. Aliona haya.

"Bitenge bitangoja," Bénédicte akamjibu. "Habiozake."

Albertine akasimama, akashusha kaye ya nane, ya mwaka 2022. Kabla ya kugusa ukurasa wa Bénédicte alikuwa ameunakili wote kwa mkono, kama alivyofundishwa na Tata Mulenga, mpaka na maneno yaliyokosewa. Ulikuwepo pale, kurasa mbili na nusu: "Kwa Mama Shalom wa Birere, bikwembe vya ukweli, karibuni wote." Picha nayo ilikuwa kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, ndani ya bahasha iliyogundishwa pembeni. Bénédicte alipoiona bahasha alicheka kidogo, bila kutaka.

"Weye unatunzaka hata bintu yenye umetupa."

"Situpake," Albertine alisema. "Ninatoshaka tu mu macho ya bantu."

Siku hiyo hiyo walirudisha jina kwenye kichwa cha ukurasa, na picha ikarudi, imepunguzwa ili isiwe nzito. Albertine akaiomba Google ipite tena. Alimweleza Bénédicte kwamba kuomba si kuamuru. Mashine ile hupita inapopita, leo au wiki ijayo, na hakuna mlango wa kugonga.

Tangu hapo kila asubuhi Albertine aliandika nafasi ya Mama Shalom, na kila asubuhi Bénédicte alipiga simu kabla chai haijachemka.

"Imefika wapi?"

"Makumi ine na saba."

Siku tatu baadaye: "Kumi na kenda."

Tarehe 15: "Kumi na moja."

Univers du Pagne, kwa upande wake, iliteremka mpaka ya nne. Dédé, ambaye hakukosa habari ya mtu yeyote, alimpungia mkono kutoka upande wa pili wa barabara.

"Mama Plamedi! Nasikia umeanguka! Kuya nikupe fretin, upate nguvu!"

"Angalia usianguke weye, waziri," Albertine alimrudishia, akaendelea na njia yake. Siku nyingine angesimama wakataniana.

Ujumbe haukuja. Kwenye ukurasa kulikuwa na kitufe cha WhatsApp, na Bénédicte aliilaza simu yake juu ya meza ya kukatia vitambaa, uso juu, akawa anaitazama hata anapopima mita. Waliobonyeza walikuwa wanawake wa Lubumbashi waliotaka kujua kama kuna rangi ya kijani. Kisha, tarehe 16, habari ikaja kwamba Bukavu nayo imeanguka. Asubuhi hiyo Bénédicte hakupiga simu kuuliza nafasi. Albertine alingoja, chai ikapoa, akapiga yeye.

"Iko kumi," akasema.

"Aksanti, mama," sauti ikajibu, na simu ikakatwa.

Ilikuwa Jumapili. Mvua ilikuwa imepumzika. Édouard, mumewe, aliyestaafu kwenye reli na sasa akilima vipande viwili nyuma ya nyumba, alikuwa ameinama kwenye matuta akichuma matembele ya mchana. Albertine alimfuata na kikapu. Kwa kawaida hakumsimulia kazi, kwa sababu Édouard aliamini kwamba Google ni mtu mmoja aliyekaa Ulaya na anayestahili kuandikiwa barua. Siku hiyo alimsimulia yote.

"Sasa huyu yaya," Édouard aliuliza bila kuinuka, "hana simu?"

"Hana."

"Atatafuta na nini?"

"Ataazima ya muntu."

"Na huyu muntu, ni yeye atafinya maneno?"

"Labda. Yaya mwenyewe yuko na miaka makumi sita, hana miwani, sijui."

Édouard aliweka fungu la majani kwenye kikapu. "Mu gare, tulikuwa tunapata bantu benye bamepotea, kila juma. Mama anatoka Kamina, anatafuta mutoto wake. Unamuuliza: jina ya mutoto? Anakuambia. Ile jina iko na bantu mia. Haisaidie. Unamuuliza: mutoto anakaa wapi? Hajue avenue. Mais unamuacha aseme, anakuambia: iko karibu na réservoir ya maji yenye inavuja, pa mama wa mikate. Haa! Tunamufikisha." Akajinyoosha, mkono kiunoni. "Miye nikipotea, Mama Plamedi, unawaza nitasema natafuta Albertine Nkandu? Nitasema: bibi moja wa Kasungami, anakuwaka na kaye hata mu kanisa."

"Hata mu kanisa?"

"Padiri mwenyewe anajua."

Albertine aliacha kikapu pale pale kwenye tuta. Alikuwa amewaza siku kumi juu ya kitu ambacho Joséphine angekiandika, na hakuwaza hata mara moja juu ya kitu ambacho Joséphine angemwambia mgeni. Jina peke yake humfaa anayekufahamu tayari. Kwa mgeni, mtu hutaja alama.

Alimpigia Bénédicte, akiwa bado amesimama kati ya matuta.

"Mama, Birere, bantu balikuwa banasema nini juu ya kukufikia? Si jina. Muntu asikujue, anauliza njia. Banamuambia nini?"

"Ku ngazi ya bluu," Bénédicte alisema papo hapo.

"Ngazi gani?"

"Dépôt moja ya kutunza ciment, ilikuwa na ngazi inje, ya bluu. Nilikuwa nauzishia chini yake, juu ya kukimbia mvua. Goma yote ilikuwa inasema: Mama Shalom wa ngazi ya bluu. Haukujua?"

"Haiko mu page yako ya zamani. Niliicopier yote. Haiko."

"Sababu gani niandike? Kila muntu alijua."

Albertine aliingia ndani bila kunawa mikono. Safari hii hakugusa duka. Aliongeza ukurasa mmoja mpya pembeni yake, mfupi. Alimwuliza Bénédicte kila neno kwenye simu na kuliandika kama Joséphine angelisema mwenyewe, si kama wanavyosema Lubumbashi. Hakuandika pagne wala vitenge. Aliandika bikwembe, kama wanavyoviita Goma. Ukurasa ulisomeka hivi: "Mama Shalom wa Birere, Goma, ule wa bikwembe ku ngazi ya bluu, sasa iko Lubumbashi. Yaya Joséphine, ni hapa. Finya hii kitufe ya kijani, nitajibu." Chini yake akaweka ile picha ya mikono kiunoni.

Kazi ya kupanda juu, iliyomchukua karibu mwaka mzima kwa duka, haikuhitajika kwa ukurasa huo. Duniani kote hakukuwa na mwingine aliyeandika bikwembe, Birere na ngazi ya bluu mahali pamoja, na kwa hiyo hakukuwa na wa kushindana naye. Jumatano tarehe 19 Albertine alijaribu maneno hayo kwa mpangilio mbalimbali, kwenye simu yake, ya Édouard, na ya jirani. Kila mara Bénédicte alitokea wa kwanza, anacheka. Albertine aliandika namba 1 kwenye kaye. Hakuchukua rula.

Baada ya hapo palibaki kungoja tu. Bénédicte alirudia kupiga simu asubuhi, ingawa nafasi haikubadilika tena. Waliongea mambo mengine: unga, mvua, binti yake Shalom aliyekuwa Kolwezi na mimba ya pili.

Jumatano iliyofuata, tarehe 26, Albertine alishuka mjini kutengeneza picha za vitambaa vipya. Ilikuwa saa za mchana, galeri imejaa watu waliokimbia manyunyu bila nia ya kununua. Bénédicte alikuwa akimkatia mteja mita sita za kitenge cha ndege wekundu. Simu ikalia mara moja juu ya meza, ule mlio mfupi wa ujumbe.

Bénédicte alisoma. Akasoma tena. Kisha akamsukumia Albertine simu, mkasi ukiwa bado umeng'ata kitambaa.

"Bonjour maman," ujumbe ulisema. "Jina yangu ni Ézéchiel, niko catéchiste hapa Kalemie. Ni weye Mama Shalom wa ngazi ya bluu? Kuko mama mumoja hapa ku kanisa ya paroisse, alitoka Uvira na bateau, anasema ni yaya yako. Nilifinya maneno yenye aliniambia, ukatokea. Mais anasema nisikuamini bure. Nikuulize: sufuria ya mama yenu ilitobokea wapi?"

"Ku harusi yangu," Bénédicte alisema kwa sauti, kana kwamba simu inasikia. "Ku harusi yangu, mu Butembo, yaya mwenyewe aliisahau ku moto, na kila mwaka anasema ni miye!" Albertine akaliandika jibu hilo. Mteja wa ndege wekundu alikuwa amesimama, pesa mkononi, asijue aondoke au akae.

Haikupita dakika, simu ikaita. Bénédicte aliifungulia sauti.

"Kavira?" Lilikuwa jina la nyumbani, ambalo Albertine hakuwahi kulisikia. Sauti ilikuwa nzito, ya mtu mwenye mafua.

"Yaya."

"Sufuria uliichoma weye."

Bénédicte alicheka na kulia pamoja, akakaa juu ya balo la vitambaa. Wakazungumza Kinande kwa muda, haraka, na Albertine hakuelewa neno. Aliuvuta mkasi taratibu kutoka kwenye kitambaa, akamalizia kumkatia mteja mita zake. Kisha Joséphine akarudi kwenye Kiswahili, labda kwa ajili ya huyo katekista aliyekuwa pembeni yake.

"Tulikutafuta tangu Uvira, unajua? Dada moja alituazima simu, tukaandika bitenge Lubumbashi. Inatokea Univers, Univers, Univers. Nikasema, toka hapo, hawa ni bakubwa ya pesa, mudogo yangu haiko mule. Nikarudisha simu ya benyewe."

Bénédicte alimtazama Albertine. Albertine alikuwa ameinamia mita ya chuma, anaikunja.

"Tarehe gani?" akauliza polepole.

"Yaya, banauliza ni tarehe gani hiyo."

"Nani anauliza?"

"Mama mwenye aliniandikia page."

"Haa! Mwambie aksanti. Na mwambie picha yako ni ya zamani, sasa umezeeka." Joséphine akakohoa. "Ilikuwa kama tarehe tano. Juma tatu zote nilikuwa nasema uko Lubumbashi, hakuna muntu alijua wapi. Mpaka huyu Ézéchiel akaniuliza: bantu banamujuaka na nini?"

Mipango ilifanyika pale pale. Munande mmoja aliyesafirisha bidhaa kwa lori, mshirika wa kanisa moja na Bénédicte, alikuwa na gari ambalo lingeondoka Kalemie mwisho wa juma. Ézéchiel angemfikisha Joséphine kwenye maegesho na kumkabidhi kwa dereva mkononi. Bénédicte alirudia jina la dereva mara tatu. Simu ilipokatika, alifunga duka, ingawa watu walikuwa bado wamejaa mlangoni.

"Weye enda, upumuzike," alimwambia Albertine. "Na ile Univers, kesho uirudishe ya kwanza, kama unataka. Niliona inakuuma."

"Itarudia yenyewe," Albertine alisema. "Mais Mama Shalom haitoke tena mu kichwa ya page."

Kesho yake asubuhi, Alhamisi, hakukuwa na mvua. Albertine hakuwasha ordinateur. Alivaa viatu vya kufunika, akaweka kaye mpya kwenye mfuko wa plastiki, akapanda gari mpaka sokoni, akasimama mbele ya meza ya Dédé kabla hajamaliza kupanga samaki.

"Dédé, ku Kilwa, zamani, mbele ukuye hapa, bantu balikuwa banakujua na nini?"

"Juu ya nini, Mama Plamedi? Kuko muntu ananitafuta?"

"Sijue. Sema tu."

Dédé aliangalia kulia na kushoto, akapunguza sauti. "Dédé wa pirogue yenye ilizama mara mbili," akasema. "Usiandike."

Albertine alifungua kaye, akaandika tarehe, akaandika maneno hayo yote, mpaka na mara mbili. Kisha akamuaga, akaenda kumwuliza mteja wake wa pili.